Daftari la Kasisi

Kila asubuhi nikitoka nje ya nyumba yangu hapa Mwendakulima, nauona mlima ambao haukuumbwa na Mungu. Ni kifusi cha mgodi wa Buzwagi, mawe yaliyotolewa ardhini tangu uzalishaji ulipoanza mwaka 2009 hadi uliposimama mwaka 2021. Wajukuu zangu wanadhani mlima huo ulikuwapo siku zote. Nikiwaambia kwamba pale palikuwa na mashamba ya pamba na mahindi, na miti tuliyokuwa tukipumzika chini yake tukitoka Kahama mjini kwa baiskeli, wananitazama kama mtu anayesimulia hadithi za sungura na fisi.

Siwalaumu. Kusahau hakuhitaji miaka mia, kumi inatosha. Nami nina kosa langu katika jambo hili, nalo ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji cha wazazi wangu, barabara ilitakiwa kupanuliwa. Kila ukoo ulitakiwa uoneshe makaburi yake, utaje jina la marehemu na mwaka aliofariki, ili yahamishwe kwa heshima. Karani alikuwa kijana mpole, amekaa chini ya mwembe na fomu zake. Mimi ndiye niliyesukumwa mbele kusema kwa niaba ya ukoo, maana nilikuwa mwalimu wa Historia kwa miaka 31. Makaburi yetu yalikuwa saba. La kwanza, la pili na la tatu niliyataja bila wasiwasi. Tulipofika la nne, nikasema, "Huyu ni mama yake babu yetu."

"Jina lake, mwalimu?"

Nikanyamaza. Nikawageukia ndugu zangu, nao wakaangalia chini. Karani alingoja kwa adabu, kisha akaandika neno moja: Hajulikani.

Msomaji mpendwa, siku ile niliona aibu ambayo sijaisahau. Mtu aliyemzaa babu yangu sikumjua jina, lakini ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza Malkia Victoria wa Uingereza alifariki lini, ningekujibu mara moja: tarehe 22 Januari 1901.

Tangu hapo nilianza kusoma upya habari za zama zile za Victoria, lakini kwa jicho jingine. Zamani nilisoma ili nijue wafalme na mikataba. Sasa nilitaka kujua jambo dogo tu: wenzetu wa vijijini, maskini kama sisi, walifanyaje hata majina yao yasipotee? Katika kusoma huko nikakutana na kijiji kimoja cha kusini mwa Uingereza kiitwacho Hurstpierpoint. Nilikichagua kwa sababu kasisi mmoja wa kijiji hicho alipita Msalala, katika nchi yetu hii hii, mwezi wa Novemba mwaka 1882.

Hurstpierpoint iko katika jimbo la Sussex, chini ya vilima vya chaki, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mji wa pwani wa Brighton. Maisha ya parokia ya vijijini ya wakati ule mtu wa Kahama hawezi kuyaona mageni sana. Wengi walikuwa vibarua wa mashamba. Ardhi ilikuwa ya wachache. Wakulima wenye uwezo waliikodi, na vibarua wakailima kwa ujira wa wiki ambao, katika miaka ya 1870, kwa kawaida haukuzidi shilingi 15. Mtu akizeeka au akivunjika mguu, hofu yake kubwa ilikuwa kupelekwa kwenye nyumba ya maskini. Nyumba hizo zilienea baada ya sheria ya mwaka 1834, na ndani yake mume alitenganishwa na mkewe, na watoto na wazazi wao. Katikati ya kijiji lilisimama kanisa, na kasisi alikuwa msomi pekee ambaye kibarua angeweza kumwendea. Ndiye aliyebatiza, akaozesha na kuzika. Mara nyingi ndiye aliyesimamia shule pia, na ndiye aliyeitwa mgonjwa akizidiwa.

Na kasisi alikuwa na daftari.

Desturi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1538, katika utawala wa Mfalme Henry wa Nane, waziri wake Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Kuanzia mwaka 1813 zikatumika fomu zilizochapwa: jina la mtoto, majina ya wazazi, mahali wanapoishi, kazi ya baba. Katika maziko ikaandikwa jina la marehemu, alikoishi, siku aliyozikwa na umri wake. Kuanzia mwaka 1837 serikali nayo ikaweka daftari lake. Ndiyo maana mjukuu wa kibarua wa Sussex, ambaye babu yake hakuacha hata sahani moja, anaweza leo kufungua kitabu na kumkuta: jina, kijiji, kibarua, miaka 68. Mstari mmoja tu, lakini upo.

Sitaki nieleweke vibaya. Daftari halikumpa kibarua mkate. Mikono ile ile iliyoandika jina lake kwa wino mzuri haikumzuia kwenda kufia kwenye nyumba ya maskini. Watu wa parokia hizo hawakuwa malaika, na wengi wao hawakwenda hata kanisani. Sensa ya ibada ya Machi 1851 iliwashtua wakubwa kwa kuonesha jinsi viti vilivyokuwa vitupu. Nasema tu kwamba, katika mambo mengi waliyonyimwa maskini wale, kuandikwa jina halikuwa mojawapo.

Sasa turudi kwa yule kasisi. Jina lake James Hannington, aliyezaliwa Hurstpierpoint tarehe 3 Septemba 1847. Utoto wake ulikuwa wa utundu. Alipokuwa akichezea baruti, ilimlipukia ikamkata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Baba yake alikuwa na duka kubwa la nguo mjini Brighton, na kwa mali hiyo alijenga kanisa dogo la Mtakatifu George kwenye eneo lake. James akasoma Oxford, akapewa ushemasi mwaka 1874, akahudumu kwanza Devon, na mwaka 1875 akarudi nyumbani kulitunza kanisa lile la baba yake. Alipenda kukusanya mimea, konokono na wadudu, na watu wa kijiji walimjua kwa kuwatembelea wagonjwa.

Angeweza kukaa pale hadi uzee. Lakini zilimfikia habari za wamisionari wawili wa chama cha CMS, Luteni Shergold Smith na O'Neill, waliouawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877. Habari hizo zikamkaa moyoni. Mwaka 1882 alijitolea, akamwacha mkewe Blanche na watoto wao wadogo, akapanda meli mwezi Mei pamoja na wenzake, miongoni mwao Robert Ashe na Cyril Gordon, mtoto wa ndugu yake. Mwezi Juni walifika Zanzibar, na kutoka pwani wakashika njia ya bara.

Hapa ndipo hadithi ya Hurstpierpoint inapogusana na ya kwetu, na kinachoziunganisha ni nguo. Kasisi yule alikua kwa faida ya vitambaa vilivyouzwa Brighton. Katika njia ya kuja huku, vitambaa vilikuwa ndiyo fedha: merikani nyeupe, kaniki, pamoja na ushanga na waya. Kwa nguo walilipwa wapagazi na kununuliwa chakula, na kwa nguo watemi walipewa hongo ili msafara upite katika nchi zao. Wazungu wengi wa wakati ule waliiandika hongo kama unyang'anyi. Mimi sioni hivyo moja kwa moja. Kwao Uingereza nako barabara nyingi zilikuwa na mageti ya kulipia. Mtemi alikuwa na nchi, na mpitaji hupitia mlangoni. Ingawa ni kweli pia kwamba wapo watemi waliovuka mpaka, wakadai leo na kesho wakadai tena.

Na nani alibeba nguo hizo? Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na ndugu zao wa nchi hizi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani, kwa zaidi ya kilomita 1,000 kati ya pwani na ziwa. Wasidhaniwe kuwa walikuwa wanyama wa kubebea mizigo. Walikuwa watu wa kazi yao, waliojua njia, visima na bei, waliopatana ujira na waliogoma walipodhulumiwa. Kijana asiyewahi kufika pwani alionekana bado mtoto.

Hannington alipofika Uyui, karibu na Tabora, kuhara damu kulimwangusha hata wenzake wakakata tamaa. Lakini hakukubali kubaki. Mwezi wa Oktoba akawekwa kwenye machela ya nguo iliyofungwa kwenye mti, na safari ikaendelea kuelekea kaskazini. Hivyo ndivyo alivyoingia Msalala mwezi wa Novemba: hakuja kwa miguu wala juu ya farasi, alibebwa. Kasisi aliyezoea kwenda kwenye nyumba za wagonjwa wa Sussex, sasa yeye ndiye alikuwa mgonjwa mikononi mwa watu wengine. Alifika ziwani, akazunguka huko kwa majuma kadhaa, lakini mwili ulikataa. Akageuka, akabebwa tena hadi pwani, akafika Uingereza katikati ya mwaka 1883.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Tarehe 24 Juni 1884 alifanywa askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Mwaka 1885 alijaribu kuifikia Buganda kwa njia fupi ya upande wa Kenya ya leo. Ziwa Bogoria aliloliona njiani liliitwa Ziwa Hannington kwa miaka mingi. Kwa Waganda njia ile ya mashariki ilikuwa mlango wa hatari, na Kabaka Mwanga aliamuru azuiwe. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga, akiwa na miaka 38, pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Angalia maneno hayo: "pamoja na wengi wa wapagazi wake." Nimeyaandika kama nilivyoyakuta yakiandikwa, kwa namna hii hii, kitabu baada ya kitabu. Maisha ya Hannington yaliandikwa na rafiki yake E. C. Dawson, na kitabu kikatoka mwaka 1887. Najua kidole gumba chake kilichokatika. Waliolala naye siku ile ni hesabu tu. Na waliombeba hadi Msalala mwaka 1882, mwezi mzima, wakibadilishana bega, wakivuka vijito mikono juu ili asilowe, hata hesabu yao haikumbukwi.

Msalala palikuwa na kituo cha CMS kwa miaka michache. Gordon alikaa huko muda mrefu, na mwaka 1887 aliitwa Buganda kushika nafasi ya Alexander Mackay, ambaye Mwanga alimtaka aondoke. Mackay akavuka ziwa, akaanzisha kituo Usambiro, kati ya Msalala na maji. Huyu naye alikuwa mtoto wa parokia ya vijijini, si ya Uingereza bali ya Uskoti: Rhynie, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Alikuwa fundi hodari. Mwaka 1877 ndiye aliyesimamia ujenzi wa barabara ya kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kilomita kama 370. Pale Usambiro alijenga nyumba na karakana, akafua chuma, akatafsiri Maandiko kwa Kiganda.

Lakini Usambiro palikuwa mahali pa makaburi. Mwezi wa Machi 1888 alikufa Blackburn, mmoja wa waliokuja na Hannington mwaka 1882. Siku chache baadaye, tarehe 26 Machi, akafa Askofu Henry Parker, mrithi wa Hannington, ambaye hakuwahi kufika Buganda. Mwaka 1889, mwishoni mwa Agosti, Stanley alipita hapo na Emin Pasha, akapumzika hadi katikati ya Septemba, na alimsifu Mackay kuliko alivyozoea kumsifu mtu. Miezi mitano baadaye, tarehe 8 Februari 1890, homa ilimwua Mackay. Alikuwa na miaka 40, na tangu aondoke kwao mwaka 1876 hakuwahi kurudi hata mara moja.

Baadaye CMS waliiacha Usambiro. Nassa, kituo chao kingine cha Usukuma kilichofunguliwa mwaka 1888, kilikabidhiwa kwa African Inland Mission mwaka 1909. Kwa upande wa Wakatoliki, Mapadre Weupe walikuwa wameshafika Bukumbi mwaka 1883, na mwaka 1891 wakafungua Ushirombo, ambako wengi wetu wa pande hizi tuliupokea Ukristo kwa njia ya babu zetu. Nao walileta madaftari ya ubatizo. Kwa hiyo, kwa namna fulani, kitabu cha kasisi wa kijiji cha Ulaya kilifika kwetu kabla Victoria hajafa, na wapo wenye bahati ambao majina ya wazee wao yamo humo.

Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa Usambiro, ikapelekwa Kampala na kuzikwa upya penye kanisa kuu la Namirembe. Ni haki, watu wa Buganda walimpenda na hawakumsahau. Lakini nafikiri juu ya wale waliochimba kaburi lake la kwanza mwaka 1890, nao wakafa kwa zamu yao katika ardhi ile ile. Mifupa yao haikuhamishwa, wala hakuna aliyekuja kuitafuta.

Kwa muda fulani niliwakasirikia waandishi wale wa zama za Victoria. Mbona walijua jina la kila kibarua wa parokia yao, na walipofika kwetu kalamu zikawa nzito? Hasira hiyo bado ninayo, lakini nimeigawa. Sehemu moja inawahusu wao. Sehemu nyingine inanihusu mimi, kwa sababu mama yake babu yangu hakusahauliwa na Hannington. Alisahauliwa na mimi.

Maana si kweli kwamba sisi hatukuwa na daftari. Daftari letu lilikuwa jina lenyewe. Kwetu mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Mabula akiwa mvulana, Kabula akiwa msichana. Mapacha walikuwa Kulwa na Doto, na aliyewafuata akawa Shija. Limi ni wa jua. Kulitamka jina kulikuwa kuusoma mstari wa kitabu: lini, katika hali gani, baada ya nani. Kitabu hicho kilitunzwa vinywani mwa wazee, hasa akina mama, na kilisomwa kila tambiko lilipofanyika na wafu wakaitwa mmoja mmoja.

Kitabu cha mdomo kina udhaifu mmoja: msomaji akifa bila kumsomea mwingine, ukurasa umechanika. Nasi, tuliokwenda shule, tulikiona kitabu hicho kuwa mambo ya kizamani. Wakati wazee wangu wakitaja majina, mimi nilikuwa nakariri vita vya Crimea. Hakuna aliyenikataza kusikiliza.

Baada ya siku ile ya mwembe nilipanda basi nikaenda kwa shangazi yangu, ambaye macho yake yamekwisha lakini kumbukumbu bado. Nilimpigia magoti, nikamwambia, "Shangazi, nimekuja kuomba jina." Alicheka, akaniambia nimechelewa, lakini nikae. Tukakaa hadi jua likatua. Jina alinipa, na pamoja na jina akanipa jambo moja: kwamba bibi yule alichechemea, kwa sababu jembe lilimkata kidole cha mguu alipokuwa msichana.

Nilirudi kwa karani. Fomu zilikuwa zimekwisha kupelekwa mbele, na yeye mwenyewe amehamishiwa kwingine. Basi nikanunua daftari kubwa la kurasa 200, lile wanalotumia wenye maduka. Nikalipiga mistari kwa rula kama fomu za mwaka 1813: jina, wazazi, kijiji, kazi, na nafasi kidogo ya maelezo. Jumapili baada ya ibada, na siku za misiba watu wanapokaa matangani, napita kwa wazee nikiuliza. Wengine hudhani nahesabu watu kwa ajili ya fidia. Wengine hunikumbusha kwamba huyu alikuwa mchawi, nisimwandike, naye namwandika. Hadi leo ninayo majina 214. Vijana wawili wa jirani wananisaidia, mmoja kwa kuwa anapenda, mwingine kwa kuwa nampa soda.

Sijui mlima wa Buzwagi utasimama hapo miaka mingapi. Wajukuu wa wajukuu zangu watadhani ni wa Mungu, na pengine hapatakuwa na wa kuwasahihisha. Lakini wakilikuta daftari, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, watasoma: Kabula. Mkulima. Alichechemea mguu mmoja, kwa ajili ya jembe.